Daftari la Misiba la Rutengo

3 Oktoba
Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Rutaihwa, aliingia ofisini saa nne, akavua kofia, akaniambia niandike jina lake kwenye karatasi. Nikaandika. Aliutazama mwandiko wangu kwenye ile karatasi kwa muda, akampa Mtendaji wa Kata, Bwana Burhani, naye akaitazama.

"Huyu ndiye," mzee akasema.

Ndivyo nilivyokabidhiwa daftari la misiba. Mwalimu aliyekuwa akiliandika amehamishiwa Ngara. Ndani kuna kaya sitini na nne za kitongoji, kila kaya kwa jina la mwenye nyumba. Mtu akifa, kila kaya inatakiwa kuonekana kabla kaburi halijafukiwa, na mkungu wa ndizi, au kuni, au maji. Ikionekana naweka alama. Ikikosa mara tatu bila udhuru, mkutano unaamua.

Mzee alipotoka nilimuuliza Bwana Burhani kama hiyo nayo ni kazi ya ofisi. Akacheka. "Alistidia, huku maiti haingoji waraka. Andika tu."

Nimeandika tu. Mkataba wangu wa ukarani unaisha tarehe 31 Desemba na anayependekeza uongezwe ni yeye.

6 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Malalamiko mawili: kalavati la sokoni limeziba, mbuzi wa jirani wamekula maharage.

8 Oktoba
Malalamiko yale yale mawili. Kalavati bado.

11 Oktoba
Mzee Kamala amezikwa leo kibanjani kwake, katikati ya migomba ya nyumbani, nami nimelifanyia kazi daftari kwa mara ya kwanza. Waliniwekea meza barazani. Mvua haikukatika, na kila aliyekuja alisimama mbele yangu akichuruzika maji na kutaja nyumba yake.

Avit, kiongozi wa wachimba kaburi, alikuja na udongo hadi magotini. "Nyumba ya Avit. Karani, niwekee alama mbili, nimechimba kwa nguvu za watu wawili."

"Na tumbo lake ulipe alama ya tatu," akadakia Annastella, mwenye nyumba ninayopanga. "Nalo limetembea kuja kula."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima ya marehemu. Nami nikacheka.

Kulikuwa na jambo moja nililolifanya kama nilivyofundishwa. Mwanamke mmoja, amelowa chapachapa, alitua mkungu mkubwa wa ndizi, akasema, "Nyumba ya Projestus." Nikatazama nyuma yake, sikuona mwanamume.

"Projestus mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Yuko kitandani."

"Na wewe jina lako nani?"

"Restituta."

Chuoni walitusisitiza: mahudhurio ni ya aliyepo, kwa jina lake mwenyewe, usimwandike mtu ambaye hukumwona. Nikatafuta Restituta katika kaya sitini na nne, sikumpata. Nikamwandika ukurasa wa nyuma, wa wageni, namba tisa. Akasema, "Kasinge waitu," akinishukuru kwa Kihaya, akaenda nyuma kwa wapishi. Baadaye nilimwona akimimina maji kwenye sufuria. Kisha sikumwona tena.

Nimerudi nimechoka lakini nimeridhika. Hakuna mstari uliofutwa.

14 Oktoba
Kalavati. Mbuzi. Choo cha soko.

19 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Mkutano wa kitongoji ulifanyika leo kwenye ghala la kahawa la chama cha msingi, kwa sababu ya mvua. Mzee Rutaihwa aliniita mbele nisome kaya zilizokosa msiba wa mzee Kamala. Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa zimeleta udhuru. Ya tatu nikaisoma kwa sauti, kama nilivyoiona kwenye mstari usio na alama: "Projestus. Hayupo. Mara ya tatu."

Jina hilo lilipotoka mdomoni ndipo nikakumbuka. Nyumba ya Projestus. Mkungu. Maji yakichuruzika kwenye meza yangu. Mwenye nyumba ni Projestus, na mkewe alikuwa amekuja kwa niaba ya nyumba, kama kila mtu anavyojua kwamba mke huja kwa niaba ya nyumba. Mimi mwenyewe najua. Kwetu Rwamishenye, mama yangu akienda msibani husema "nyumba ya Gamaliel", na hakuna mtu ambaye amewahi kumuuliza baba yuko wapi.

Mzee Rutaihwa akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Daftari lilikuwa mikononi mwangu. Niliona watu wasiopungua mia, na Bwana Burhani amekaa mstari wa mbele akiandika kitu kwenye simu, na nikafikiria nitakavyosema: mimi, karani wa kata, nimekosea mbele ya watu wote hawa, kazi ya kwanza niliyopewa. Nikalifunga daftari.

Hakuna aliyesema neno. Restituta hakuwepo, ana mgonjwa.

Mzee akatangaza. Nyumba ya Projestus imetengwa kuanzia leo. Asalimiwe na mtu yeyote asiye wa nyumba yake, hapana. Auziwe chumvi, hapana. Aazimwe moto, panga, ngazi, hapana. Akifiwa, asichimbiwe. Atakayevunja naye atatengwa. Mpaka mkutano utakapoamua vingine.

Alisema polepole, bila hasira. Kisha akanishukuru kwa kusoma vizuri.

20 Oktoba
Nimemuuliza Annastella, nikijifanya sijui, kama nyumba hiyo ya Projestus haikuwakilishwa na mtu siku ile.

Alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Restituta alikuwepo. Tulichota maji pamoja."

"Sasa mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme nini? Daftari limesema hayupo. Nikajua kuna kosa jingine ambalo ninyi mnalijua na mimi silijui. Ninyi ndio wasomi." Akatupa ganda. "Na usiniulize tena, mwanangu. Mimi nina duka."

25 Oktoba
Restituta amekuja ofisini. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walihama upande mmoja wote, kama benchi limeinama. Alisimama mlangoni hadi Bwana Burhani akamwambia aingie.

Alizungumza naye, lakini alinitazama mimi. Alisema mumewe anaumwa figo mwaka wa pili sasa. Misiba miwili ya mwanzo waliikosa kwa sababu walikuwa hospitalini Bukoba mjini, na hilo analikubali, hakutuma mtu wa kutoa udhuru. "Lakini wa mzee Kamala nilikuja. Karani, si ulinikuta pale? Wewe si uliniuliza jina?"

Bwana Burhani akanigeukia.

Nikasema, "Nitaangalia daftari, mama."

Ndivyo nilivyosema. Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

"Mama Restituta," Bwana Burhani akasema, "haya ni mambo ya kitongoji. Serikali haitambui kutenga mtu."

"Kama haitambui, basi iseme."

"Ndiyo nimesema."

"Iseme kule nje, waitu. Humu ndani nimo mimi peke yangu."

Bwana Burhani akafungua faili lililokuwa halina kazi. Restituta akaniambia atarudi Jumatatu, mimi nikishaangalia.

28 Oktoba
Jumatatu. Nilipomwona akipanda ngazi niliingia stoo, nikasimama kati ya mifuko ya saruji ya choo cha soko. Nilisikia Bwana Burhani akimwambia nimekwenda Muleba kupeleka taarifa. Sikumwomba aseme hivyo. Alijua tu, na hilo ndilo linalonitisha.

2 Novemba
Mvua. Kalavati limezibuliwa. Limeziba tena.

8 Novemba
Nimekutana na Restituta njiani, pale njia ya ofisini inapopita kando ya kibanja chao. Alikuwa na ndoo kichwani. Mimi mbele, nyuma yangu wanawake wawili wakitoka sokoni. Niliinamisha kichwa kutazama matope, nikapita.

Hakunisalimia. Nadhani alifanya hivyo ili kuniokoa.

15 Novemba
Senene wameanguka. Mji mzima umelala mchana, baada ya kuwakamata usiku kucha. Ofisini tulikuwa watu wawili, mimi na Mtendaji, na sakafu nzima mabawa. Annastella amenikaangia sahani: "Kula, unene kidogo. Msomi mwembamba hivyo atachumbiwa na nani, daftari?"

Nimekula. Kisha nikaona vikapu vya senene vikipita kutoka jirani hadi jirani, kama desturi ya hapa, na njia ya kwa Projestus ikiwa na majani yaliyoanza kuota katikati.

19 Novemba
Leo nimejaribu. Nilimwambia Bwana Burhani kwamba huenda kulikuwa na dosari ndogo katika uandikaji wa mahudhurio ya tarehe 11 mwezi uliopita. Nilizungumza kama barua.

Alifunga mlango. "Dosari gani?"

Nikamwonyesha ukurasa wa wageni. Namba tisa.

Akavua miwani. "Umemwonyesha nani mwingine?"

"Hakuna."

"Sikiliza. Daftari hili lina mwandiko wa mwajiriwa wa serikali na karatasi za mwisho zina muhuri wangu, kwa sababu mzee aliomba, nami nikaona ni heshima tu. Likifika wilayani, wataniuliza kwa nini ofisi yangu inatenga watu. Na wewe watakuuliza." Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayeniomba. "Mambo haya hupoa. Mwaka mpya nyumba hiyo itapeleka mbuzi wa faini, yataisha. Mkataba wako nimeshaupendekeza."

Nimekuwa nikimwona Bwana Burhani kama ukuta wa kuegemea. Leo nimeona kuwa naye ameegemea, na anachokiegemea ni ukimya wangu.

24 Novemba
Baada ya ibada nilikwenda kwa mzee Rutaihwa. Nilikuwa nimejipanga kusema sentensi tatu. Nilizirudia njia nzima.

Alikuwa akikata majani makavu ya migomba. Alinipa kiti, akanipa kahawa ya kutafuna, mbegu tatu kwenye kiganja, kama mgeni wa heshima. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza kama najua kwa nini daftari lilianzishwa.

"Hapana, mzee."

"Ulikuwa hujazaliwa. Ni miaka ile ya ugonjwa." Akaonyesha kwa panga nyuma ya nyumba, ambako kuna makaburi yaliyojengewa saruji, mengi. "Wiki moja tulizika watu saba hapa kitongojini. Watu walichoka. Walianza kujificha. Mdogo wangu alipokufa tulimzika watu wawili, mimi na mama yetu. Mama alishika miguu." Alikata jani jingine. "Nikaapa hakuna atakayezikwa hivyo tena Rutengo. Mtu akijua jina lake litasomwa, hajifichi. Tangu tuanze daftari, hakuna aliyezikwa na watu wawili. Hakuna."

Nilitafuna kahawa. Ilikuwa chungu, ikanijaa mdomoni.

"Ulikuwa na shida gani, binti?"

"Nilikuja kukusalimu, mzee."

Alifurahi. Alinisindikiza hadi njia kuu.

Nilizoea kumwogopa kwa sababu nilidhani ni mtu mgumu. Sasa namwogopa zaidi, kwa sababu si mgumu, na mimi ndiye nitakayemwambia daftari lake limefanya nini.

30 Novemba
Annastella anasema hali ya Projestus imekuwa mbaya na Restituta alisimama barabarani tangu asubuhi akitafuta pikipiki. Waendesha bodaboda wa hapa walizima injini. Mmoja kutoka Kemondo, asiyejua lolote, ndiye aliyewabeba.

1 Desemba
Wamerudishwa nyumbani. Hospitali imesema akapumzike kwake.

2 Desemba
Nimeshika kalamu. Sina cha kuandika ambacho si kile kile.

4 Desemba
Projestus amefariki leo alfajiri.

Nililijua hilo saa mbili na nusu, Restituta alipoingia ofisini. Sikusikia kilio njiani nilipokuwa nakuja. Kwa kawaida mtu akifa hapa vilio hupokezana, nyumba hadi nyumba, hadi soko linafungwa. Leo soko lilikuwa wazi. Nilinunua kalamu.

Bwana Burhani alikuwa Muleba kweli, safari hii. Restituta akaketi mbele yangu, akasema amekuja kuchukua kibali cha kuzika.

Nikatoa fomu. Jina la marehemu. Umri: hamsini na nane. Mahali atakapozikwa: kibanjani kwake. Msimamizi wa mazishi.

"Andika mimi," akasema.

Nikaandika: Restituta.

Nilipogonga muhuri hakuinuka. "Kuna jambo jingine, karani. Jembe langu limevunjika mpini. Serikali ina sururu za kuzibulia kalavati. Niazimeni moja hadi kesho."

"Nani atachimba, mama?"

"Nimeshaanza. Udongo ni laini, mvua imesaidia. Nimefika hapa." Akaonyesha juu kidogo ya goti. "Kuchimba naweza. Kumshusha ndiko ninakotafakari. Nitamshusha kwa mkeka, upande wa miguu kwanza, halafu nishuke mwenyewe nimlaze. Ila nikishashuka, nitatokaje?"

Aliuliza kweli. Alitaka kujua kama nina wazo. Ana uso mpana, mtulivu, na kucha zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu.

Nikafungua droo, nikatoa daftari, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikamgeuzia. Nikaweka kidole kwenye namba tisa.

Alisoma polepole. "Hili ni jina langu."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya Kamala."

"Ndiyo. Nilikuandika kwa wageni. Nilijua tangu siku ya mkutano. Siku ile ya Jumatatu sikuwa Muleba, nilikuwa stoo."

Nilingoja anipige. Alilifunga daftari, akalisukuma kwangu taratibu.

"Nilijua uko stoo," akasema. "Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Nipe sururu."

Nikampa. Akaondoka nayo begani. Nikafunga ofisi, jambo ambalo haliruhusiwi, nikaenda kwa mzee Rutaihwa nikikimbia, daftari ndani ya gauni lisilowe.

Nilimkuta anakunywa uji. Safari hii sikukaa. Nilisema zile sentensi tatu na nyingine ambazo sikuzipanga. Projestus amekufa. Mkewe anamchimbia kaburi peke yake sasa hivi. Alikuwepo kwa Kamala, na kosa ni langu, hili hapa.

Alisogeza ukurasa mbali, kisha karibu, kama wazee wanavyosoma. Alikaa hivyo hadi uji ukaota utando.

"Nilimwona," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ya Kamala. Nilimwona anainama kumimina maji. Mkungu wake niliubeba mwenyewe kupeleka jikoni, nikasema, mkungu wa namna hii, kibanja cha Projestus hakijafa. Halafu ukasoma hayupo. Nikasema macho yangu yamezeeka." Aligusa daftari. "Nililiamini hili."

"Nisamehe, mzee."

"Si mimi." Alisimama. "Twende."

Kwenye ghala la kahawa kuna rimu ya gari inayoning'inizwa, hupigwa kwa msiba na kwa moto. Aliipiga mwenyewe, kwa jiwe, hadi watu wakatoka sokoni na mashambani. Mvua ilikuwa imeanza. Wakabanana chini ya bati. Mzee akasema, "Karani ana neno," akasogea kando.

Nikasema. Sikumbuki nilivyoanza.

Avit ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Yaani binti huyu ametufanya tumtupe mtu kama mbwa? Wiki sita? Nimepita mlangoni kwa Projestus kila siku nikitazama juu kama natafuta ndege!"

"Na wewe macho yako yalikuwa wapi?" Annastella akapaza sauti. "Si ulikula ndizi zake kwa Kamala? Ulisema zimeiva vizuri, ukaongeza!"

"Mbona wewe ulikaa kimya, mama wa duka?"

"Nilikaa kimya kwa sababu mimi ni mwoga! Haya, nimesema. Sasa wewe sema."

Avit akatazama viatu vyake.

Mtu mmoja nyuma, sikumjua, akasema mkutano ulioamua ndio unaoweza kutengua, na huu haukuitishwa kwa taarifa ya siku saba. Kuna waliokubaliana naye; wanne au watano waliondoka. Mzee Rutaihwa hakuwajibu. Alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa ghalani, akaingia mvuani. Avit akamfuata. Kisha wengine.

Tulipofika, Restituta alikuwa ndani ya kaburi, lilikuwa limemfikia kiunoni. Alisikia miguu mingi, akageuka na sururu mikononi kama mtu anayelinda.

Mzee Rutaihwa alivua viatu. Akapiga magoti kwenye udongo uliorundikwa, mzee wa miaka sabini na kitu, akamnyooshea mkono. "Toka, mama. Toka tuchimbe."

Restituta hakuushika ule mkono. Alitutazama mmoja mmoja, muda mrefu, mvua ikituteremkia sote. Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki.

"Kwa jirani kuna ngazi," akasema mwishowe. "Ileteni nitoke."

5 Desemba
Amezikwa saa tisa. Padri alikuja. Kaburi lilikuwa na kina kamili na kuta zilizonyooka. Avit alishuka kulipima mara tatu. Mzee Rutaihwa ndiye aliyeshuka kumpokea na kumlaza, ingawa vijana walimkataza.

Nilikuja na daftari kwa mazoea. Mzee akalichukua mikononi mwangu, akalitia kwapani. "Leo haandikwi mtu."

Baada ya mazishi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama. Restituta aliingia kuchukua maji. Wanawake wakampisha. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza chumvi iko wapi:

"Kila asubuhi aliniuliza nani amepita njiani. Kitanda chake kilikuwa dirishani, lakini macho yalishapungua. Nikamwambia, Avit amepita, anakusalimu. Annastella amepita, ameuliza unaendeleaje. Kila siku watu wawili watatu. Mara nyingine nilisahau, nikamtaja mtu mmoja mara mbili. Akasema, huyu leo ana safari nyingi."

Annastella akatoka nje. Tulimsikia akilia nyuma ya nyumba.

Nikaendelea kuosha sahani ile ile.

6 Desemba
Soko limefungwa. Hakuna jembe lililoshikwa kitongoji kizima.

12 Desemba
Bwana Burhani amenipa barua mezani bila kuniangalia. Mkataba hautaongezwa. "Ulifunga ofisi saa za kazi," akasema. Kisha, nilipofika mlangoni: "Mimi nisingeweza. Ulichofanya. Nakwambia tu."

Nimempigia baba. Alisikiliza yote. Akasema, "Njoo nyumbani, tutaona." Siogopi kama nilivyotarajia. Naogopa, lakini naweza kula.

13 Desemba
Mvua ndogo. Kalavati.

18 Desemba
Matanga yameanuliwa juzi. Leo nimekwenda kwa Restituta kuaga. Kesho napanda gari la Bukoba. Nilimkuta anapalilia mbele ya nyumba, jembe lina mpini mpya.

Nilimsalimu. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kidogo, kisha akasimama.

"Ni desturi niwashukuru waliomzika mume wangu, nyumba kwa nyumba. Una orodha?"

"Hapana, mama. Mzee alikataza tusiandike."

"Alifanya vizuri." Akaegemea jembe, akafumba macho. "Rutaihwa, alishuka ndani. Avit na wadogo zake wawili, walichimba. Nyumba ya Kamala, mjane wake, alileta kuni, zilikuwa mbichi lakini alileta. Annastella, sukari na kilio. Clotilda wa mtoni, ndoo nne, alikwenda mara nne na goti lake lile. Rwekaza alileta mkeka, akakaa pembeni, hakula."

Akaendelea. Hakusita hata mara moja. Alizitaja nyumba kwa mpangilio wa njia, kutoka mtoni hadi barabara kuu, na kwa kila nyumba, aliyekuja alibeba nini na aliketi wapi. Aliwataja na wale wasiokuja, nyumba tisa, bila kubadilisha sauti. Mimi nilisimama mikono mitupu nikisikiliza. Nilikuwa nimelishika daftari kwa miezi miwili, na sikuweza kukumbuka hata nusu ya alichokuwa akikisema.

Alipomaliza upande wa barabara, alifumbua macho akanitazama, akataja jina la mwisho.

"Na Alistidia, karani. Alikuja, lakini alichelewa."

Kisha akainama, akaendelea kupalilia.